Tangi la Pili la Musili

Mimi naitwa Munyiva, na kama kuna kitu sivumilii duniani ni mtu kumsema vibaya ndugu yangu Musili mbele yangu. Sasa mtu huyo akiwa ni mama yenu mzazi, utafanya nini? Utameza mate unyamaze. Nilimeza mate karibu mwaka mzima, mpaka yakanishinda.

Tulikuwa tunaishi Mitaboni, kwa boma la marehemu baba. Musili na mke wake nyumba ya juu, mimi na mama nyumba ya chini. Ndoa yangu ilinishinda mapema nikarudi nyumbani, na sioni haya kusema. Mama yetu anaitwa Syokau. Sisi tunamwita Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyomwita mama. Musili alikuwa na pikapu ya dizeli, kazi yake kutoa maembe Matuu na kuyapeleka popote yanapotakiwa. Gari ilikuwa nzee lakini ilikuwa na moyo.

Juu yetu sote alikuwako kaka yetu wa kwanza, Mutua. Yeye alikuwa fundi wa kuchimba visima, na kazi ilimpeleka kaskazini kabisa, ukipita Marsabit, ng'ambo ya jangwa la Chalbi. Malaria ikamshika huko huko. Kwa joto lile maiti haingojewi, na barabara ya wakati ule usiulize. Watu wa misheni wakamzika kwa heshima, wakatuma habari. Habari ilifika kwetu wakati kaburi limeshakauka. Mkamba kuzikwa mbali na boma lake, ai, hiyo ni kidonda. Baba alikufa nacho. Mama akabaki nacho, hakisemwi, lakini kila akipanda mbegu utamsikia anamtaja Mutua peke yake shambani.

Basi mwaka wa tisini na tisa daktari akamwambia mama macho yake yana presha. Kwamba haitibiki, itapunguzwa tu, na polepole giza litaingia. Mama akamshukuru daktari vizuri, akavaa leso yake, tukatoka. Pale nje ya hospitali akasimama.

"Munyiva, kabla haya macho hayajafungwa, nataka kuona mahali mtoto wangu amelala. Nikiona mara moja, basi. Yafungwe tu."

Tulitafuta gari ya kukodisha. Wacha! Ukimwambia mwenye gari Machakos kwamba unaenda Chalbi, anakuangalia kama mtu aliyelewa asubuhi. Mvua ya Elnino ilikuwa imekula barabara, na majambazi walikuwa wanajulikana kwa majina. Musili akasema, nitampeleka mimi, kwa pikapu yangu. Shida ni mafuta. Toka Isiolo kwenda mbele huna uhakika wa dizeli. Leo Marsabit iko, kesho haiko, na baada ya Marsabit ni mchanga na mbuzi tu.

Ndipo Musili akaenda kwa Kiama, Mkikuyu wa Matuu mwenye gereji karibu na soko la maembe. Kiama alikuwa mtu wa kelele. Alikuwa anafunga nati moja na kuisifu mpaka mteja mwingine aje. Lakini kazi alijua. Akachomelea tangi la chuma, kubwa na pana, akalifunga chini ya bodi nyuma, akaleta paipu mpaka mbele, akaweka koki chini ya kiti cha dereva. Koki ukiigeuza huku injini inanyonya tangi la zamani, ukiigeuza kule inanyonya jipya. Siku ya kuchukua gari nilikuwako. Kiama akamshika Musili bega.

"Sasa sikiza, bwana. Hii pampu ya dizeli inavuta mafuta mengi kuliko yenye inachoma. Yale yanabaki inarudisha. Na paipu ya kurudisha iko kwa tangi ya zamani peke yake, hiyo ingine sikupata koki yake. Kwa hivyo anza na tangi ya zamani. Tumia mpaka ifike nusu, ndiyo ikuwe na nafasi. Halafu fungulia mpya. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Ukianza na mpya na ya zamani imejaa, yale yanarudi yatakosa pa kukaa. Yatamwagika barabarani na wewe unaimba tu."

Musili akacheka, akamwambia yeye hajui kuimba. Tukaondoka zetu. Mama hakuwako siku hiyo.

Safari yenyewe tuliianza kwa furaha, sitadanganya. Mama alikaa katikati yetu na gauni lake la kanisani. Alikuwa amebeba mchanga wa nyumbani kwa kitambaa, auweke kwa Mutua, alale na udongo wa kwao. Njia nzima alikuwa anatusomea vibao vya dukani, kila kibao, kuonyesha kwamba macho bado yako. Akikosea tulimwachia.

Isiolo tukajaza tangi zote mbili mpaka mdomoni. Hapo ndipo lazima ungojee msafara, magari yanaenda pamoja na askari mbele na nyuma. Tulipokuwa tunangoja, Musili akasema tu kwa kujisemea, "Haya, tunaanza na tangi ya kwanza."

Mama akageuka. "Ya kwanza ni gani? Hii yenyewe ya gari?"

"Ile ilikuja na gari, Mwaitu."

"Na hiyo ya kuongezwa?"

"Hiyo ni ya baadaye."

"Musili! Wewe umelelewa kwa nyumba gani?" Alikasirika kweli, na pia alikuwa anatania, kwa mama hivyo viwili huwa vinatembea pamoja. "Nani anafungua ikumbi na magunia yako nje?"

Ikumbi ni ghala la mahindi. Kwetu, mavuno yaliyozidi yakikosa nafasi humo huwekwa kwa magunia nje, na ni sheria ya mama: magunia ya nje ndiyo yanaliwa kwanza. Ghala halifunguliwi mpaka gunia la mwisho likung'utwe. Njaa ya themanini na nne watu walikuwa wanakuja kuomba kwetu, sisi tukiwa bado na ikumbi haijaguswa. Mama alituokoa na sheria hiyo na alijua alituokoa. Hakuna mtu boma lile angebishana naye kuhusu akiba.

"Fundi alisema tuanze na hii, Mwaitu. Kuna vile mafuta yanarudi."

"Fundi wa Matuu! Kwa maembe na mahindi pande zote. Huyo amejua njaa gani? Kula ya nje kwanza. Ya nyumbani tutaikuta tukirudi."

Musili akaniangalia juu ya kichwa cha mama. Nikainua mabega, maana ile habari ya paipu mimi ilikuwa imeingia huku ikatokea huku. Yeye akatabasamu, akainama, akageuza koki kwa tangi jipya. Alimpenda mama na siku ile hakutaka kumharibia. Nafikiri alijiambia atabadilisha mbele kidogo, mama akisinzia. Lakini mama hakusinzia. Alikuwa anakula nchi kwa macho.

Na geji, haki ya Mungu, geji ikatudanganya. Ilikuwa inasoma tangi la zamani peke yake. Kilomita zinaenda, mawe yanatutupa huku na kule, na mshale uko pale pale juu. Mama kila mara anauelekezea kidole. "Mnaona? Ikumbi bado imejaa." Tunacheka naye. Harufu ya dizeli tuliisikia, nikasema ni yale magari ya mbele. Nyuma yetu kulikuwa na lori la ng'ombe, dereva anawasha taa, anapiga honi. Musili akasema huyu ana haraka ya kufa.

Kabla ya kufika Marsabit injini ikakohoa ikazima. Musili akageuza koki kwa tangi la zamani, ikawaka tena, tukafika mjini. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Tangi jipya, lile lililokwisha, lilipaswa kutupeleka mpaka kwa Mutua na kuturudisha nusu ya njia. Dereva wa lori, Mborana mmoja mrefu, akatukuta tumesimama.

"Ndugu, gari yako imekojoa dizeli tangu Isiolo. Nimekupigia honi mpaka mkono umechoka. Nilidhani umeamua hivyo."

Nilimrukia. "Unadhani! Mtu anaamua kumwaga mafuta? Ungepita mbele utusimamishe!" Maskini, hakuwa na kosa, na msafara hauruhusu kupita. Musili alikuwa amelala chini ya gari, anapapasa. Akatoka na mkono umelowa.

Marsabit hakukuwa na dizeli. Pampu zilikuwa zimefungwa kwa mnyororo, lori la mafuta linangojewa, na wingu lilikuwa limeanza kukaa upande wa jangwa. Chalbi ikipata mvua inakuwa uji, na gari inakaa humo mpaka ikauke. Tulikuwa na tangi moja. Kufika tungefika. Kurudi ndiyo shida. Musili akamweleza mama polepole, amechuchumaa mbele ya mlango wa gari.

"Twende," mama akasema.

"Mwaitu, hatutaweza kutoka."

"Mimi nimesema nataka kutoka?"

"Mimi niko na watoto, Mwaitu. Na Munyiva huyu. Tutarudi mwezi wa nane, nitatengeneza hiyo paipu, nakuapia."

Mama aliangalia ule upande wa jangwa. Kutoka juu pale Marsabit unaona chini mbali sana, kweupe, hakuna kitu. Aliangalia kwa muda mrefu, sijui alikuwa anaona kiasi gani. Halafu akajifunika leso, akasema, "Geuza gari." Nilitamani ardhi inimeze. Mpaka leo nikikumbuka alivyofunga tena kile kitambaa cha mchanga napata uchungu hapa kifuani.

Mwezi wa nane barabara ilifungwa, watu wameuawa. Mwezi wa kumi na mbili mvua. Pasaka iliyofuata mama alinyoosha mkono kuchukua kikombe akashika hewa, na hapo tukajua imekwisha.

Sasa ndipo maneno yakaanza. Kila mgeni aliyeingia, mama humwambia: "Mtoto wangu Musili alinipeleka kumwona Mutua. Akamwaga mafuta yote barabarani. Fundi alimwambia, hakusikia." Hivyo tu. Habari ya ikumbi haimo. Habari ya nani alisema nini Isiolo haimo. Na Musili amekaa hapo hapo, mwanaume mzima mwenye watoto, anaangalia viatu vyake. "Ni kweli, Mwaitu," anasema. Mara ngapi nilifungua mdomo, naye ananikanyaga mguu chini ya meza! Nje akaniambia, "Wacha, Munyiva. Amepoteza macho na amepoteza Mutua. Unataka ajue ni yeye? Wacha hasira ikae kwangu."

Lakini aliumia. Ilifika mahali hawezi kuwasha ile pikapu bila mama kuuliza kutoka ndani, "Hiyo inaenda wapi? Iko na mafuta?" Mwishowe akaipeleka Masinga akaiuza kwa wachuuzi wa samaki, na tangi la pili likiwa chini yake. Mama akaambiwa iko kwa fundi.

Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Tumekaa tunachambua mbaazi, Musili ameleta viti. Wakamaliza maombi, mama akaanza: "Huyu Musili wangu alinipeleka..."

"Mwaitu, inatosha!"

Ilitoka kama sufuria imeanguka. Wageni wakakazana kutafuta mikoba yao. Walipotoka tulibaki watatu, na mimi nangoja nilaaniwe. Mama akapitisha vidole kwenye mbaazi.

"Musili uko hapo?"

"Niko, Mwaitu."

"Nani alisema tuanze na tangi jipya?"

"Ni mimi nilisahau vile fundi alisema."

"Unadanganya." Hakupandisha sauti. "Macho ndiyo yamekufa. Masikio ni mazima. Nilikuwa nimekaa katikati yenu, nilijisikia nikisema. Nimejisikia kila siku tangu hapo. Nilikuwa nangoja unijibu, Musili. Ungenijibu mara moja tu, uniambie, wewe mwanamke, ni wewe, ningenyamaza. Wewe unasema ni kweli, ni kweli. Kujisema mwenyewe nilishindwa. Ningesema ni mimi, ingekuwa nimemwacha Mutua huko mara mbili."

Musili alipiga magoti mbele yake, analia kama mtoto, na mimi pia. Mama akampapasa kichwa, akampangusa uso kwa leso. Akasema amsamehe. Musili akasema hakuna cha kusamehe. Wakabishana hivyo mpaka mama akacheka kidogo, cheko ambalo hatukuwa tumelisikia tangu Isiolo.

"Basi nipeleke," akasema. "Sitaona, lakini mikono niko nayo. Nitashika huo mchanga wake, nitashika hata hilo jina kama waliliandika. Si gari imekaa kwa fundi vya kutosha? Kesho uende uilete."

Musili akaniangalia. Mimi nikaangalia mlango.

"Mwaitu, gari haiko kwa fundi. Niliiuza."

"Uliiuza?"

"Mwezi uliopita."

"Ilikuwa imeharibika?"

"Hapana. Ilikuwa nzima."

 Vidole vya mama vilisimama ndani ya mbaazi. Tulimwona akitafuta sababu, na tulimwona akiipata, na hakuna kati yetu aliyewahi kufungua mdomo kumzuia.

"Basi," akasema, "hata hiyo niliiuza mimi."