Kura ya Nives

Nives hasemi anasikia baridi. Atasema leo kumepoa, atasema kuna kaupepo, lakini kusema anasikia baridi, thubutu! Hayo kwake ni maneno ya watu wa kusini. Miaka thelathini amemchamba nayo Assunta, jirani wa ghorofa ya chini yake aliyetoka Bari, kusini mwa Italia. Kila Septemba Assunta akijikunja kwenye ngazi na kusema anaganda, Nives humcheka na kumwambia huku Belluno, kaskazini milimani, watu hulala madirisha wazi.

Safari hii anayeganda ni Gildo, mumewe. Yuko kitandani, kifua kimembana, fulana ya sufu mwilini, sweta mbili juu yake, chupa ya maji moto miguuni, na bado meno yanagongana. Daktari kasema chumba kipate joto. Lakini boila ya kupasha nyumba joto ni moja kwa jengo zima, na haiwashwi kabla ya majira ya baridi mpaka wakazi wapige kura.

"Waambie nasikia baridi," Gildo alimwomba. "Usione haya, Nives."

Wakakutana alasiri, kwenye gereji, nyumba nane. Wanne walinyoosha mikono boila iwashwe, Assunta wa kwanza, shali hadi masikioni. Watatu, mikono ya birika wale, wakakataa katakata. Ikabaki kura ya Nives. Akisema ndiyo, kesho joto linapanda. Na alikuwa keshafungua mdomo, jamani.

Ndipo Ottavio wa ghorofa ya juu akamtania: "Ala, Bi Nives naye leo kawa mtu wa Bari?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Assunta peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma Nives kuliko kicheko chote.

"Nani, mimi?" akasema. "Kwetu hatusikii baridi sisi."

Nne kwa nne, haikupita. Boila ikabaki imezimwa kwa wiki tatu zaidi.

Gildo alipomuuliza kama amewaambia, Nives alijibu kwamba amewaambia, tena kwa kuwasihi, ila Assunta ndiye aliyekataa. Kinyongo cha miaka yote, alisema. Gildo akaamini. Akamlaani Assunta mpaka kikohozi kikamkata kauli.

Hakijatulia hicho kikohozi, kengele ya mlango ikalia. Assunta huyo, kakumbatia hita yake ya umeme, anahema kwa ngazi.

"Namsikia anavyokohoa," akasema. "Mpe hii, mimi nitajifunika. Niache nimsalimie kidogo."

Wakizungumza maneno mawili tu, uongo uko nje. Nives akamnong'oneza aende zake na hita yake, akafunga mlango, akageuza ufunguo.

"Nani huyo?" Gildo akauliza.

"Yule wa Bari. Kaja kuuliza kama bado unasikia baridi."

Gildo akageukia ukutani, na tangu hapo hakusema tena kwamba anasikia baridi.