Ziwa Nyuma ya Nyumba ya Kapinga

Mama, siku utakapotaka wakubwa waone shida yako, kwanza ficha viatu. Kapinga wa Kamalondo alikuja kujua hilo akiwa amechelewa.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shimo. Bantu wa kufyatua matofali walichimba udongo wao wakaenda zao, mvua ikaingia ikakaa kama mwenye nyumba. Mbuzi wa jirani yake, Mama Bwalya, alishakufa mule. Sasa Julienne, mutoto wa mwisho wa Kapinga, alikuwa ameanza kutembea, na miguu yake ilijua njia moja tu, ya shimoni. Kapinga alipika shingo imegeuka nyuma.

Akaenda kulalamika kwa muzungu wa teritware, ofisi ya serikali. Yule akaangalia karata yake, ramani ya mji, akasema shimo hilo haliko.

"Basi tumupelekee foto," akasema shemeji yake Faustin, mupiga picha mwenye sanduku la miguu mitatu na shati jeupe hata siku ya kazi. "Foto haibishwi."

Lakini nani atasimama mbele ya foto na kitambaa cha jikoni? Kapinga akavaa kitenge cha Pasaka na viatu. Julienne akapakwa mafuta mpaka uso ukang'aa, akavishwa soksi. Mama Bwalya akaleta kiti na maua.

"Kiti ya nini, Mama Bwalya? Tunaenda kulia shida!"

"Kulia shida ndiyo kukaa chini? Bazungu baseme hatuna viti?"

Faustin naye akaokota makopo yote ukingoni, eti takataka inaharibu kazi. Akangoja jua lilale juu ya maji, akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi.

"Shemeji, cheka kidogo!"

Naye akacheka.

Muzungu alipoiona picha, alisimama. "Ziwa! Bantu yetu iko na ziwa! Na weye ulitaka tufunike?" Akaitundika ukutani.

Juma lililofuata wafanyakazi wakaja. Kapinga akatoka na vigelegele. Hawakubeba majembe, walibeba kiti kirefu cha mbao, wakakisimika ukingoni kikiangalia maji, ili watu wapumzike.

Aliyekipenda zaidi ni Julienne. Alikipanda, akainama kuangalia maji. Kapinga alisikia tu chubwi. Alimukuta anashika mguu wa kiti, maji shingoni, soksi moja imekwenda.

"Faustin! Leta sanduku!"

Safari hii hakubadili nguo. Nywele zimesukwa nusu, masizi usoni, akamukabidhi mutoto kwa Mama Bwalya, akashuka shimoni mpaka maji yakafika kwapani.

"Piga!"

"Shemeji, ngoja basi jua lizunguke…"

"Nikifa humu, utangoja jua?"

Akapiga. Picha ikawa mbaya hata akakataa kuweka muhuri wake nyuma. Muzungu hakuitundika. Aliificha haraka, maana mukubwa wake alikuwa njiani kuja kuona ziwa, asije akakuta mama anazama humo, na siku ileile malori ya udongo yakaanza kumwaga.

Shimo lilipojaa, Mama Bwalya akaja mbio, kilemba kipya kichwani.

"Mama Julienne, Faustin anatupiga foto ya kushukuru! Kavae!"

Kapinga alikuwa amekaa juu ya udongo mpya, Julienne anamuzunguka bila kushikwa.

"Vaa weye," akasema. "Mimi nyumba yangu ingali inavuja."