Swali la Rubani

Mume wa mdogo wangu alikuwa rubani wa ndege za mashambulizi. Asubuhi moja akadunguliwa, akaruka na mwavuli, akaangukia upande wa adui. Kwenye redio ya uokoaji nilikuwa mimi. Helikopta ilishaondoka kumfuata, na marubani wenzake wawili walikuwa wakizunguka angani juu yake na mabomu yao, wakimlinda.

Kwetu hachukuliwi mtu kabla ya kujibu swali. Kila rubani hujichagulia lake, maana adui ana mchezo wa kuokota redio ya rubani na kuiita helikopta mtegoni. La shemeji lilikuwa: nani anakuamsha asubuhi? Jibu ni Kipusa, jina analomdekezea mdogo wangu.

Nikamuuliza. Akakohoa kile kikohozi chake cha sigara.

"Mwanya," akasema.

Mwanya ni yule msichana anayeuza kantini ya kambini. Kumbe! Kichwa kimegongwa, mtu hata kudanganya kasahau. Na mdogo wangu yuko nyumbani na mimba kubwa, miguu imemvimba, kila siku ananiuliza mbona mumewe haji likizo. Hasira zilinipanda.

"Shemeji, ni wewe? Mguu umevunjika. Helikopta iko wapi?"

Visikizio vilikuwa masikioni mwangu peke yangu. Nikamwambia mkuu wa zamu jibu siyo.

"Lakini wewe sauti yake si unaijua?" akasema mkuu. "Ukisema ni yeye, tunamchukua."

"Siyo yeye. Sauti hii siijui."

Mkuu akairudisha helikopta. Halafu, kama tufanyavyo siku zote kwa mtego, akawaamuru wale wawili wapige pale pale ilipotoka sauti. Shemeji aliniita tena, mara redio ikanyamaza. Nikavua visikizio nikaenda kunawa uso. Mdogo wa mtu si wa kuchezewa, bwana.

Jioni nikaenda kwa mdogo wangu kumpa habari. Alilia mpaka nikaogopa atajifungua pale pale sakafuni. Nikaona bora nimtolee lile la Mwanya, asije akajimaliza kwa ajili ya mwanamume asiye na haya.

Akafuta machozi kwa kanga.

"Hilo nalijua, dada. Aliniambia mwenyewe, akalia, nikamsamehe. Hakuna mtu mwingine tuliyemwambia." Akaninyanyulia macho. "Wewe umelisikia wapi?"