Msihangaike Kuja

Pale Kizota hakuna aliyejua kulia msibani kama Mama Elieth. Wenye msiba walikuwa wanamngoja yeye. Akifika getini, anavua kandambili, anajifunga khanga kiunoni, kisha anaachia ile sauti yake inayotokea chini kabisa ya tumbo, na hata wanaume waliokuwa wanabishana siasa kwenye viti vya plastiki wananyamaza. Alikuwa na presha, na daktari alishamwonya apunguze misiba. Akaitikia ndiyo, baba, nimesikia. Kesho yake akaenda matangani Kibaigwa.

Elieth ndiye mwanawe pekee. Baba alishafariki, wakabaki wawili, mama na mwana, wanapikiana mlenda na kutaniana kutwa. Binti alisomea sanaa za maonyesho kule chuoni Chimwaga, na alipomaliza alirudi na kitabu kimoja alichokipenda kuliko nguo zake: hadithi za utotoni za mshairi wa Wales, nchi ndogo ya mvua na vilima huko ng'ambo. Alizitafsiri mwenyewe, akazigeuza mchezo wa jukwaani, akakusanya wenzake wanne waigize. Ukumbi wa kufanyia mazoezi hawakupata, basi wakawa wanafanyia uani kwao, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku.

Katika hadithi moja, shimo la makaa ya mawe linawaporomokea wachimbaji. Mtoto anachungulia dirishani, anawaona kina mama wametoka, kila mmoja kasimama mlangoni kwake kwenye mvua, kimya.

"Kimya?" mama aliuliza siku aliyosomewa. "Mume amefukiwa na udongo, halafu mke amesimama mlangoni kama anamsubiri muuza maziwa? Hao ni watu gani, mwanangu?"

Elieth alicheka mpaka akakohoa. Lakini neno lile lilimkaa moyoni. Kweli, hapa Dodoma nani afiwe akae kimya? Watazamaji si watazomea! Akabadilisha. Shimo la makaa likawa shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mke wa mchimbaji, aliyeigizwa na Mwajabu, atatoka mbio akipiga yowe: "Jamani njooni! Njooni mnisaidie!" Mwajabu mwenyewe hajawahi kufiwa hata na paka, kwa hiyo mwalimu wake angekuwa mama.

Mama hakupenda. "Kilio si wimbo, Elieth. Kilio ni cha kuitia watu. Ukiwaita watu bure, unatafuta nini?"

"Mama naye! Ni mchezo tu."

"Haya. Mchezea zuri, baya humfika." Lakini mtoto wa pekee utamnyima nini? Alimfundisha Mwajabu, kwa moyo wote.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mwajabu alipiga yowe moja tu, na mtaa mzima ukaja. Mama Paskazia wa ukuta wa pili alifika na khanga kiunoni na bakuli la unga mkononi, machozi tayari mashavuni. Mafundi wa kuchomelea mageti hapo mtaani walizima mashine zao. Jirani mwingine, Mzee Batholomeo, alikuwa ameshaanza kukokota turubai la msiba. Wakawakuta vijana watano wanakunywa juisi.

"Nyie watoto mna wazimu?" Mama Paskazia alifoka. "Mnachezea kifo!"

Elieth alitamani ardhi ipasuke. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba, na shikamoo zake, magoti yamekunjwa kama binti aliyelelewa. "Naombeni radhi wazazi wangu. Mkisikia kilio kwetu, ni mazoezi. Msihangaike kuja." Wakamsamehe. Nani atamnunia mtoto mwenye adabu vile? Haikupita muda wakaanza hata kunogewa. Mafundi wakawa wanachomelea vyuma vyao bila kugeuza shingo, na Mama Paskazia akawa anatoa maksi kutoka upande wake wa ukuta: "Leo mmelegea!" au "Huyo binti apewe uji!" Kila mtu alicheka, na Elieth alicheka kuliko wote.

Jumamosi moja mchana aliwaacha mama na Mwajabu wakifanya mazoezi uani, akaenda sokoni kutafuta makoti ya mitumba ya kuvalia jukwaani. Simu ilimzimikia huko huko. Alirudi na furushi begani, vumbi mpaka kwenye kope, na alipofika kona ya mtaa wao akasikia sauti ya Mwajabu.

"Jamani njooni! Njooni mnisaidie! Jamani, mama!"

Elieth akasimama. Wiki zote zile alikuwa anamwambia binti yule atoe sauti tumboni, siyo puani, na leo sauti ilikuwa inatoka tumboni, imepasuka, inakwama, inaanza tena. Hata lile "mama" aliloliongeza mwenyewe lilikuwa mahali pake. Octavian, jirani wa mbele, alikuwa ameegesha bajaji yake kivulini, anajichokonoa meno.

"Dada Elieth, umemsikia?" alisema. "Ameanza kitambo. Leo kaamua!"

"Amepatia," Elieth alisema, na furaha ikamjaa kifuani. "Jamani, hatimaye amepatia." Akashusha furushi. Hakutaka kuingia na kumkatiza. Aliegemea bajaji ile wakasikiliza wote wawili, yeye akitikisa kichwa kwa raha, mpaka sauti ilipokauka yenyewe. Ndipo akajitwika furushi lake, akaenda kumpongeza.

Mama alikuwa chini, karibu na banda la kuku, kichwa kimelala mapajani mwa Mwajabu. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika gauni la binti yule.

"Alikuwa ananionyesha pale pa kuvuta pumzi, akadondoka," Mwajabu alisema. Sauti haikuwepo tena, ilikuwa mkwaruzo. "Alinishika, sikuweza kumwacha. Nikaita. Dada, alikuwa hai. Alikuwa ananiangalia, tunasubiri waje."

Elieth alipiga magoti. Akamshika mama shingoni, kifuani, usoni. Alikuwa wa moto bado, kwa sababu ya jua. Alimwita kwa jina la mama, kisha kwa jina lake la utoto, Ruthu, Ruthu, kana kwamba ataitika hilo. Halafu kile kilio kikamtoka, kile kile cha mama, kutoka chini kabisa ya tumbo.

"Hapo sasa!" Mama Paskazia alishangilia kutoka upande wa pili wa ukuta, na makofi akapiga. "Elieth, hongera! Umemshinda hata mwanafunzi wako!"

Mwajabu ndiye aliyekimbilia barabarani, peku, akipunga mikono kwa kuwa sauti ilishakwisha. Mafundi walizima mashine. Mzee Batholomeo alitoka, Mama Paskazia akatoka, Octavian akashuka kwenye bajaji. Geti lilikuwa wazi, na Elieth aliwaona kutoka pale chini alipokuwa amempakata mama yake. Kila mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake, kimya, wanatazamana, hakuna anayejua kama aje au asije.