Panya wa Aya ya Mwisho

Mtafiti hakusalimia. "Nilikupa panya arobaini," alisema kwenye simu. "Nimesoma habari yako mara mbili. Wameenda wapi?"

Mwandishi alilivuta gazeti la Jumatatu, ambalo kwa siku nne lilikuwa mkeka wa vikombe mezani pake. MAJANI YA MPERA YAKOMESHA KISUKARI, na chini yake jina lake. Akateremsha macho hadi aya ya mwisho. Haikuwepo. Pale alipoeleza kwamba majani yamejaribiwa kwa panya tu, na mgonjwa asithubutu kuacha dawa, palikuwa na tangazo la magodoro.

Usimwonee huruma; hatari hiyo aliijua. Chumba kizima cha habari kinajua: tangazo likija dakika za mwisho, mpanga kurasa hasomi kitu, anakata kuanzia chini. Mwandishi ana miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo, na bado aliwaweka panya mkiani, maana panya hawauzi gazeti.

"Tutarekebisha," alisema.

"Leo. Kuna watu wanaoishi kwa sindano."

Ndipo alipomkumbuka dada yake. Dada mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, anayejichoma sindano ya kisukari kila siku, na anayekata kila habari ya mdogo wake na kuibandika kwenye jokofu. Akampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena huku anashuka ngazi mbilimbili.

Mlango wa dada ulikuwa umerudishiwa tu. Jikoni, sufuria ya majani ilikuwa bado na uvuguvugu. Habari yake ilikuwa pale kwenye jokofu, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Akafungua jokofu. Vichupa vya dawa vilikuwa vimejipanga, kama vile havijaguswa kwa siku kadhaa.

Dada alikuwa chumbani, midomo imemkauka, anahema kama aliyepanda mlima.

"Dada, sindano umechoma lini?"

"Jumapili," alisema kwa shida. "Si umeandika mwenyewe, mdogo wangu?"

Alimbeba mgongoni hadi barabarani, yeye ambaye utotoni ndiye aliyekuwa akibebwa.

Hospitalini daktari alisema wamewahi, lakini kwa bahati tu. Mwandishi akaegemea ukuta, machozi yakimtoka bila aibu. Muuguzi akamtazama. "Wewe ni wa yule mama wa majani? Kaa pale na wenzako."

Wenzako. Kwenye benchi palikuwa na mwanamke aliyeshika kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Akasogea kumpisha.

"Na mgonjwa wako alisoma?" aliuliza.

Angeweza kuitikia tu, yakaisha. "Alisoma," alisema. "Aliyeandika ni mimi."

Mwanamke alimkazia macho. Mwandishi alisubiri kofi, na moyoni alilitaka. Badala yake mwanamke akamshika mkono, akamwinua.

"Basi twende kwa mume wangu," alisema. "Tangu asubuhi anakataa sindano. Daktari amemwambia, mimi nimemwambia, anasema gazeti halidanganyi. Kamwambie wewe."