Mabuti ya Baba

Nyumbani kwetu mtoto wa kiume alizaliwa kuruta. Baba, sajini mstaafu, alikuwa na wana wawili, kaka na mimi, na alitulea kwa filimbi: ya kuamka, ya kuoga, ya kula. Mkinibishia shauri yenu, lakini hata kuku wetu waliingia bandani wakianza na mguu wa kushoto, na jogoo hakuthubutu kuwika kabla ya baba.

Kulia kulikuwa marufuku. Ukiumia unasema, "Niko sawa, afande," kisha unakwenda jikoni kumwambia mama ukweli.

Kaka ndiye aliyetangulia kuandaliwa. Tangu anang'oka meno ya utoto, baba alimvalisha mabuti yake ya zamani, "miguu ijue kazi mapema." Mwanzoni yalikuwa makubwa, yakajazwa matambara. Kaka akakua, matambara yakatolewa. Akazidi kukua, mabuti yakagoma. Wala hakusema yanabana. Angesemaje? Alikuwa sawa, afande.

"Baba watoto, mnunulie mwanao viatu vya kumtosha," mama alisihi.

"Jeshini hakuna kuchagua viatu."

"Hapa si jeshini. Hapa sebuleni."

Siku ya kuandikisha makuruta ilipofika, baba alipiga pasi shati lake mwenyewe, akatutangulia uwanjani. Kaka akikubaliwa, alisema, yeye hana deni tena na dunia.

Kaka alikimbia mpaka kivuli chake kikaomba maji. Baba akanifinya bega kwa furaha. Kisha daktari akasema, "Vua viatu."

Vidole vilikuwa vimepandana kama ndugu wanaogombea blanketi moja. Daktari akavibonyeza.

"Inauma?"

"Niko sawa, afande."

Daktari akashusha pumzi. "Kijana, miguu hii haitabeba mzigo safari ndefu. Rudi nyumbani. Nani alikuvalisha haya mabuti?"

Kaka akatazama mbele, kama yuko kwenye gwaride. Baba, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, akainama kuyaokota mabuti.

Tulirudi polepole, baba kabeba mabuti, kaka yuko peku, akichechemea waziwazi kwa mara ya kwanza. Tulipofika, baba akayabwaga mlangoni. Mama alileta beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, akaliweka mbele ya kaka. Aliyepiga magoti ni baba. Akaosha kidole kimoja kimoja.

"Panauma wapi, mwanangu?"

Kaka akafungua mdomo atoe lile jibu la siku zote. Halikutoka.

"Kote, baba."

Mama akayatazama mabuti, akanitazama mimi. "Na huyu?"

Baba hakuinua kichwa. "Huyo mwache peku."

Kesho yake filimbi haikulia. Tulilala mpaka jua likachoka kutusubiri. Jogoo tu ndiye aliyehangaika, akizunguka uani, hajui aanze saa ngapi.