Awataje kwa Majina

Kaunti yenyewe sitaitaja. Nina ndugu wanaokula mshahara huko, na mdomo uliponza kichwa. Jueni tu kwamba ni hapa Bonde la Ufa, si mbali na Nakuru, na kwamba makao yake makuu ni jengo la ghorofa nne lenye lifti ambayo tangu izinduliwe kwa mbwembwe haijapanda hata siku moja. Ghorofa ya tatu, idara ya afya, ndiko alikokaa Weldon Kipketer, na kazi yake ilikuwa kuandika majibu.

Sharti nieleze kidogo. Wawakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, hawa tunaowaita MCA, wana haki ya kuiuliza serikali ya kaunti maswali kwa maandishi. Mbona barabara ya wadi yangu haijamwagwa murram? Ambulensi yetu imeenda wapi? Swali likifika, waziri wa kaunti ana siku kumi na nne za kulijibu. Waziri, ambaye ana mambo mengi, humpa afisa mkuu, na afisa mkuu, ambaye ana mambo mengi zaidi, humpa Weldon. Kwa hivyo serikali ilikuwa ni Weldon, ukitaka kujua, na hiyo serikali ilikuwa kwa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja.

Na alikuwa fundi, jamani! Kwa Weldon hakuna kitu kilichoharibika, kila kitu "kinafanyiwa ukarabati." Hakuna dawa zilizoisha, "shehena inatarajiwa." Mheshimiwa akiuliza kituo fulani kina wauguzi wangapi, Weldon hujibu kwamba kaunti imejitolea kuhakikisha kila mwananchi anapata huduma bora, kisha anataja kifungu cha katiba. Mheshimiwa akisikia katiba anatingisha kichwa na kuketi. Mara mbili waziri alipigiwa makofi kwa majibu ambayo alikuwa anayaona kwa mara ya kwanza.

Sasa, mama yake Weldon, Chepkosgei, mjane wa miaka sabini na mmoja, alikaa Kapmaswai, kule juu kwenye baridi, ng'ambo ya barabara kutoka kwa dispensari. Alikuwa na presha. Kila mwezi alipimwa na kupewa dawa na muuguzi mmoja, Chesang, mpaka Chesang akahamishwa kituo kingine na mlango ukatiwa kufuli. Miezi minane ikapita. Jumamosi moja Weldon alifika nyumbani akamkuta mama jikoni, kibao magotini na kisu cha mboga mkononi, anakata kidonge katikati.

"Mama! Hiyo ni nini unafanya?"

"Si unaona? Nakata vifike mwisho wa mwezi."

"Na ile pakiti nilikuletea kutoka Nakuru?"

"Uliniletea mimi. Na hawa jirani zangu watatu wenye presha, wao waliletewa na nani?" Akapuliza unga wa dawa uliobaki kwenye kibao, akaulamba kidoleni. "Tulikuwa tunapanga foleni pamoja, Weldon. Siwezi kumeza kizima wenzangu wakinitazama."

"Presha haitaki nusu, mama. Itakuangusha."

"Basi uliza hiyo serikali yako. Si unakaa nayo ofisi moja?"

Maneno hayo yalimchoma. Usiku mzima aligeuka kitandani akiona kile kisu. Lakini angeuliza vipi? Anayelipwa kujibu haruhusiwi kuuliza. Ndipo akamkumbuka MCA wa Kapmaswai, Mheshimiwa Jepleting, mama wa nyimbo na mikutano, mkarimu kabisa, ila karatasi na yeye walikuwa hawasalimiani. Wakakutana Salgaa, mahali ambapo madereva wa malori wanajali nyama yao tu na hakuna anayekuuliza unaongea na nani. Mheshimiwa akaagiza mbavu. Weldon akatoa kalamu.

Aliandika lile swali kama mwizi mstaafu aliyeajiriwa kufunga madirisha. Kila mwanya aliokuwa akipitia yeye mwenyewe, aliuziba. Je, Zahanati ya Kapmaswai inafanya kazi, ndiyo au la? Ina wahudumu wangapi? Na mwisho: waziri awataje kwa majina.

"Hii ya majina ni ya nini?" Jepleting aliuliza huku anavunja mfupa.

"Hiyo ndiyo kufuli, mheshimiwa. Nambari mtu anaweza kuipika. Lakini jina lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kutafutwa."

"Ai, Weldon! Kichwa yako ni ya maana sana."

Wiki iliyofuata swali lilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, likapita kwa waziri, likapita kwa afisa mkuu, na kutua juu ya meza ya Weldon. Afisa mkuu, Kabiru, alilileta mwenyewe, amekunja uso.

"Nani ameandika hii kitu? Huyu mama si yeye. Kuna mtu anamsaidia, mtu anatujua, na nikimshika!"

Weldon akasema hata yeye anashangaa. Moyoni alikuwa anajipiga kifua na kutetemeka kwa wakati mmoja.

"Boss, na tukisema tu vile iko? Kwamba muuguzi alihamishwa na kituo kimefungwa?"

Kabiru akavuta kiti, akaketi, akamtazama kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya, Kabiru. Alikuwa na watoto wawili chuo kikuu. "Mwezi uliopita waziri alisimama bungeni akasema hakuna kituo hata kimoja kimefungwa. Hayo maneno aliandikiwa na nani?"

"Na mimi."

"Na kandarasi yako inaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Haya basi. Umejibu."

Weldon akaandika. Zahanati ya Kapmaswai inafanya kazi. Ina wahudumu wawili, muuguzi mmoja na karani mmoja wa kumbukumbu. Kwa majina? Muuguzi hakumsumbua: kwenye orodha ya kaunti Chesang alikuwa bado Kapmaswai, kwa sababu kumhamisha mtu ni kazi ya siku moja na kulihamisha jina lake ni kazi ya fomu tatu. Lakini nafasi ya karani ilikuwa tupu tangu kaunti ianzishwe. Weldon akamwendea Kabiru.

"Niweke nani?"

"Weka mtu hatalalamika. Weka jina lako."

Wakacheka wote wawili, cheko la ofisini lile, fupi. Weldon akaweka jina lake. Alijiambia kwamba kandarasi ikishatiwa sahihi atayarekebisha mambo haya polepole, kutoka ndani. Nimesikia wengi wakijiambia hivyo, na wengi wao bado wako ndani.

Bungeni, waziri alisoma jibu kwa sauti nzuri. Jepleting alikuwa ameitisha majina, na ameletewa majina. Angetaka nini tena? Akasimama akamshukuru waziri kwa jibu kamili. Jioni akampigia Weldon simu. "Hongera! Kumbe ulikuwa unajitafutia kazi ya nyumbani? Ungeniambia tu, mjanja wewe!" Weldon alipojaribu kueleza, mheshimiwa alikuwa ameshakata simu. Na Jumapili, baada ya mahubiri, akalisoma jibu lote kanisani Kapmaswai. Akina mama walipiga vigelegele, wakamkumbatia Chepkosgei kwa kurudishiwa mtoto.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ya Weldon ililia.

"Weldon, uko wapi? Tuko watu kumi na tisa hapa mlangoni. Umechelewa kazi."

"Mama, hiyo... hiyo ni mambo ya karatasi tu."

"Jina si lako?"

"Ni langu."

"Kipketer si baba yako?"

"Ni baba, mama."

"Basi kuja, watu wanaumwa na baridi."

Hakuenda. Angeenda kufanya nini? Jumanne walirudi mlangoni, na Jumatano, na Alhamisi wakamwendea Jepleting nyumbani kwake. Walimwuliza huyo karani aliyetajwa kwa jina ni mtu au ni pepo. Mheshimiwa akaona kura zinamwagika. Safari hii hakumtafuta mtu wa kumwandikia. Alichukua kalamu mwenyewe, kwa mwandiko uliopinda, akaandika swali la mstari mmoja: kwa nini karani Weldon Kipketer hayuko kazini Kapmaswai, na atachukuliwa hatua gani?

Likapanda ngazi. Likatua kwa Weldon. Alilisoma mara tatu, kisha akalipeleka kwa Kabiru bila kuandika neno.

Kabiru alifunga mlango. "Hapa kuna mambo mawili, Weldon. Ama jibu letu lilikuwa la uongo, ama wewe umetoroka kazi."

"Lakini boss, wewe ndiye uliniambia..."

"Serikali haiwezi kudanganya bunge." Alisema polepole, kama anayemfariji mfiwa. "Kwa hivyo umetoroka kazi. Na kwa sababu nakupenda, sitaandika hivyo. Nitaandika kwamba ulikuwa njiani."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Alipewa barua na ufunguo, na kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata Weldon alikuwa Kapmaswai, anasukuma mlango kwa bega. Ndani panya walikuwa wamezaa kwenye boksi la pamba. Kabati la dawa lilikuwa wazi na tupu. Mashine ya kupima presha ilikuwepo, mpira wake umepasuka. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani, na wa kwanza, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, alikuwa mama yake.

"Na muuguzi?" akauliza.

"Suala hilo linashughuli..." Weldon akaanza. Watu kumi na tisa walikuwa wanamtazama mdomo. "Hayupo, mama."

"Na dawa?"

"Hakuna."

"Kwa hivyo kuna nini?"

"Kuna mimi," Weldon akasema.

Hawakumtukana. Waliingia mmoja mmoja, akaandika majina yao katika daftari, na ugonjwa wa kila mmoja, na chini ya ukurasa akaandika: muuguzi hayupo. Ikawa ndiyo kazi yake. Kila asubuhi anafungua, anafagia, anaandika muuguzi hayupo, anafunga. Wiki ya tatu jirani mmoja kati ya wale watatu alianguka shambani, mdomo ukaenda upande, akabebwa kwa pikipiki katikati ya watu wawili hadi mjini. Chepkosgei aliacha kula siku mbili.

Ndipo Weldon akaketi akamwandikia Jepleting swali la mwisho, bila mbavu na bila Salgaa. Alitumia ufundi wote aliokuwa nao. Je, muuguzi Chesang yuko Kapmaswai leo, yeye mwenyewe, kwa miguu yake? Ikiwa hayuko, ataletwa tarehe gani? Safari hii, akamwambia mama, hawana pa kupitia.

Siku ya kumi na nne Jepleting alilituma jibu kwa bodaboda. Mama alikuwa jikoni, kibao chake juu ya meza. "Nisomee," akasema.

Weldon akafungua bahasha. "Kaunti imejitolea kuhakikisha kila mwananchi anapata huduma bora, kwa mujibu wa katiba. Zahanati ya Kapmaswai inafanya kazi. Ina wahudumu wawili, muuguzi mmoja na karani mmoja wa kumbukumbu..." Mpaka koma zilikuwa zake. Aliyekalia kiti chake kule ghorofa ya tatu alikuwa amefungua faili, akakuta kazi safi, akainakili. Hata yeye Weldon angefanya hivyo.

Mama alingoja aendelee. Alipoona haendelei, akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Huyu aliyeandika hivi, ana mama?"

Weldon angeweza kusema ni waziri. Ilikuwa na muhuri wa waziri.

"Anaye," akasema. "Ni wewe. Maneno haya ni yangu, mama. Niliyaandika mimi, hata lile jibu la kwanza mlilosomewa kanisani. Nilikuwa naogopa kandarasi."

Mama angepiga kelele, angemlaani, ingekuwa nafuu. Chepkosgei aliichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza ili isicheze. Kisha akamsogezea kibao pamoja na kisu.

"Kata wewe basi. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, nusu moja inatoka kubwa."

Kidonge kilimteleza mara mbili. Mara ya tatu akakishika kwa kucha.

"Katikati kabisa," mama akasema. "Hiyo nyingine ni ya jirani."